Droni usiku: uwanja uujue mchana

Hapa Houston napiga picha za harusi za watu wetu, na maharusi wengi wanataka ukumbi uonekane kutoka juu, taa zikiwaka. Sheria inaruhusu. Tangu Aprili 2021, rubani mwenye cheti cha Part 107 (kanuni za droni za kazi) cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, haombi tena ruhusa maalumu ya usiku, mradi mtihani au mafunzo yake yamegusa urushaji wa usiku. Ukiwa kazini cheti ni lazima, na droni isajiliwe hata ikiwa chini ya gramu 250.

Vitaa vilivyokuja na droni mara nyingi havitoshi. Inatakiwa taa ya kumetameta inayoonekana umbali wa maili 3, karibu kilomita 5, na iwashwe jua likishazama, usingoje giza. Ibandike mahali ambapo haitazibwa wala kuziba kamera.

Sasa nisikilize vizuri: nenda ukumbini mchana. Zunguka kwa miguu, tafuta nguzo, matawi na hasa nyaya za umeme. Usiku huzioni, na droni yenyewe haizioni, kwa sababu kamera zake za kukwepa vizuizi zinahitaji mwanga. Urefu ambao droni hupanda inapojirudisha yenyewe uuweke juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote ulivyoviona, na usivuke futi 400, yaani mita 120 hivi. Karibu na uwanja wa ndege wa Hobby au wa Bush, omba kwanza kibali cha anga kupitia LAANC, mfumo wa FAA wa kuomba kibali hicho mtandaoni.

Macho huchukua kama dakika 30 kuzoea giza, kwa hiyo fifiza skrini na utumie tochi nyekundu. Usiikodolee taa ya droni: ukiikazia macho gizani utaiona inasogea na kumbe imetulia. Tazama pembeni yake kidogo. Ukipoteza mwelekeo, achia vijiti ielee, kisha isukume mbele kidogo tu huku ukiangalia ramani.

Mama wa bibi harusi atakuambia, "Mwanangu, ipitishe hapa juu yetu." Mkatalie kwa adabu. Mimi huirushia upande wa maegesho kusiko na watu, kamera nikaiinamisha kuelekea ukumbini. Picha inapendeza vilevile. Pa kutua pamulike kabla hujairusha, na uishushe betri ikiwa bado na asilimia 30.