Karatasi ya siri huvuja njiani: namna ya kuiteketeza ofisini

Kiangazi kimoja nilinunua karanga karibu na Soko la Majengo, hapa Dodoma. Nilipozimaliza nikaikunjua karatasi kabla ya kuitupa. Mtu wa masijala jicho lake haliachi maandishi. Ilikuwa nakala ya fomu ya mkopo: picha ya pasipoti, namba ya kitambulisho cha taifa, simu ya mdhamini, alama ya dole gumba. Nikarudi kwa muuzaji.

"Shikamoo mama. Karatasi hizi unazipata wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kuna kijana huniletea, nanunua kwa kilo."

Alikuwa na rundo la kufika gotini. Nililinunua lote, nikamletea magazeti ya zamani asikose cha kufungia karanga. Yeye hana kosa, na kijana wake vilevile. Kosa ni la ofisi iliyoziacha karatasi zile mlangoni kana kwamba ni maganda ya ndizi.

Nimekaa masijala miaka 19. Karatasi ya siri ni nadra kuvuja ikiwa kabatini. Huvuja njiani, kuanzia pale mtu anaposema "hii haina kazi tena" hadi pale inapoteketea. Basi tuifuate njia hiyo.

Kabla ya yote, hakikisha inaruhusiwa kuteketezwa. Kama uko ofisi ya umma, kabati kujaa si sababu. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002, hairuhusu kuharibu kumbukumbu za umma bila idhini, na wa kuwauliza ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Yako majalada ambayo hayateketezwi kamwe, hata yawe yameliwa na mchwa pembeni. Ofisi binafsi nayo ina mipaka yake: kumbukumbu za kodi hutunzwa miaka 5, na chochote kinachohusu kesi, ukaguzi au malalamiko ambayo hayajaisha kisiguswe.

Lakini kulimbikiza milele si usalama pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawagusa hata wenye zahanati, shule na SACCOS, na inataka taarifa za mtu zisikae kupita muda zinapohitajika. Faili la mgonjwa au la mwanachama lina mwenyewe, hata kama limekaa kwenye kabati lako.

Sasa zungukia ofisi yako jioni, watu wakiwa wameondoka. Anzia kwenye mashine ya fotokopi. Nakala zilizotoka zimepinda, zilizofifia, zilizozidi idadi, zote huwekwa pembeni na husahaulika hapo. Kisha tazama karatasi za rafu, yaani zile za kuandikia ovyo ovyo. Hapa naomba unisikilize, kwa sababu ndipo penye tundu kubwa na watu hudhani wanabana matumizi. Karatasi iliyochapwa upande mmoja hugeuzwa, hukatwa, hubanwa pini, ikawa kijitabu cha kuandikia. Mfanyakazi anakipeleka nyumbani, mtoto anachorea, daftari likichakaa linaishia dukani. Nyuma ya mchoro wa nyumba kuna orodha ya mishahara. Ofisini kwetu tulipiga marufuku: karatasi yenye jina la mtu, namba, sahihi au mhuri haiwi rafu.

Zote ziingie kwenye sanduku moja. Letu lilitengenezwa na fundi seremala: mbao, tundu jembamba juu, kufuli ubavuni. Liweke hatua mbili tu kutoka kwenye fotokopi. Ukiliweka mbali, watu watatumia kapu la taka. Ufunguo uwe kwa mtu mmoja, na mhudumu wa usafi asiachiwe mzigo huu peke yake. Nimeona wahudumu wakilaumiwa kwa karatasi ambazo hakuna aliyewahi kuwaambia ni za siri. Huo si uungwana.

Usiliache sanduku lijae hadi pomoni. Kila Ijumaa linafunguliwa mbele ya watu wawili, tunaondoa pini, klipu na majalada ya plastiki, kisha kazi inaanza.

Kama mna mashine ya kuchana karatasi, angalia inavyokata. Ile inayotoa tepe ndefu haitoshi. Mwaka 1979, ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulipotekwa, nyaraka zilizokwisha kuchanwa tepe ziliungwa tena kwa mkono, tepe kwa tepe, zikasomeka. Tafuta mashine ya vipande vidogo, yenye alama P-4: kila kipande hakizidi milimita za mraba 160, kwa hiyo A4 moja hutoa karibu vipande 400. Mkiwa na ya tepe tu, ingizeni karatasi kwa namna ambayo visu vitaikata mistari ya maandishi. Mkiilaza ubavu, kila utepe utatoka na sentensi nzima. Tieni kurasa chache kwa mara moja, mashine ikipata moto iacheni ipumzike, na umeme ukikatika msiondoke na karatasi ikiwa imening'inia nusu.

Wasio na mashine waloweke. Pipa la plastiki, maji yaliyokwisha kufulia (maji ya Dodoma tunayajua thamani yake), karatasi zilizotawanywa moja moja, zilale siku mbili, kisha zitwangwe kwa mti mnene hadi ziwe uji. Sisi tunakamua matonge, tunayaanika, na mhudumu anawashia jiko. Picha na karatasi zilizopakwa plastiki haziloweki. Hizo kata kwa mkasi vipande vidogo.

Kuchoma nakuweka mwisho kwa makusudi. Moshi unawakera majirani, na bunda lililofungwa huungua kingo tu, ndani kukabaki kweupe. Tena kuna upepo wetu. Kuanzia Juni hadi Septemba vumbi la Dodoma hunyanyuka lenyewe, na ukurasa ulioungua nusu husafiri mbali. Ikibidi kuchoma, iwe asubuhi na mapema upepo haujaamka, ndani ya pipa la chuma lililofunikwa wavu, kurasa zikiingia chache chache. Ukurasa uliogeuka mweusi bila kuvunjika bado unaweza kusomeka, kwa hiyo majivu yakorogwe hadi yawe unga.

Msizipeleke dampo la Chidaya zikiwa nzima. Zitapita mikono mingi kabla ya kufika huko.

Linabaki daftari la uteketezaji. Andika tarehe, aina ya nyaraka, namba za majalada, miaka yake, idhini mliyopata, njia iliyotumika na sahihi za wawili walioshuhudia. Usiandike yaliyomo ndani, maana utakuwa umeitunza siri uliyotaka iishe. Na sahihi zisiwekwe kabla. Sisi tukichoma, tunasimama hadi pipa lipoe, tunamwagia maji, tunakoroga mara ya mwisho, ndipo kalamu inatolewa mfukoni.