Ovaholi ya L24: usikubali 240Z yako itolewe injini

Ukipeleka Datsun 240Z inayotoa moshi wa bluu kwa makanika hapa Nairobi, hata boneti hajafungua atakwambia "boss, hii tutoe tu, tuweke eksi-Japani, injini iliyotumika huko Japani, utasahau shida." Kataa. Injini aina hiyo hiyo, L24, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, 2393 cc, ndio ilimpa Edgar Herrmann Safari Rally ya 1971 na Shekhar Mehta akaichukua tena 1973 na 240Z, sasa wewe unataka kuuzia watu wa vyuma kuukuu? Bloku yake ni ya chuma kizito, haifi haraka, kinachokufa ni vitu vya kubadilishwa: ringi, beringi, sili za valvu, chaini.

Anza na namba ya injini. Imepigwa kwa bloku upande wa kulia, huko nyuma karibu na silinda ya sita, chini kidogo tu ya hedi, yaani kichwa cha injini. Utakuta imefunikwa na oili iliyokauka ikawa kama lami, paka mafuta ya taa, ngoja, halafu sugua polepole na brashi. Linganisha na kile kibati cha ndani ya boneti, halafu na logibuku. Zikikubaliana zote tatu ni injini ya asili ya gari, hiyo bloku usiiache mahali usiku kucha na mtu humjui.

Kabla hujafungua chochote pima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inabana hewa, na hapa ndio watu wengi hudanganywa bila mtu kukusudia kudanganya. Kitabu cha gari kinasema 171 hadi 185 psi. Makanika anaweka geji, anaona 145, anatingisha kichwa, "injini imekwisha." Lakini hicho kitabu kimeandikwa na mtu aliye karibu na bahari, sisi tuko juu karibu mita 1,700 na hewa ya huku ni nyepesi, kipimo kinapungua kama sehemu moja kwa sita hivi, kwa hivyo 145 ya Nairobi ni injini yenye afya kabisa. Wewe angalia kama silinda zote sita zinafanana. Tano zikiwa 145 na moja 95, mwagia hiyo moja kijiko cha oili kwa shimo la plagi upime tena, ikipanda ni ringi, ikikataa kupanda ni valvu ama gaskiti.

Kufungua sio kazi ngumu, kazi ni kukumbuka. Bolti za hedi zinataka ufunguo wa Allen wa 10 mm, safisha shimo la kila bolti kwanza na msumari mwembamba maana ufunguo ukikaa nusu utakula kichwa cha bolti na hapo umejitafutia. Halafu kuna bolti mbili ndogo mbele kabisa zinashika hedi na kava ya chaini, hizo ndio husahaulika, mtu anatoa zile kubwa zote anaanza kupiga hedi na nyundo anashangaa haitoki, mara anasikia kava imelia ta! Imepasuka. Zitafute kwanza.

Hedi ikishatoka usiguse zile nguzo zinazobeba kemshafti, ile shafti inayofungua valvu. Narudia, usiguse, hata kama fundi anasema anataka kuosha vizuri. Zilitobolewa pamoja zikiwa zimefungwa kwa hiyo hedi, ukizitoa kurudisha laini yake ni bahati nasibu na kemshafti itakataa kuzunguka. Roka nazo, vile vyuma vinavyosukuma valvu, kila moja ina sehemu yake ya kemshafti iliyozoeana nayo, mimi hutumia trei ya mayai nikaandika namba na kalamu, moja hadi kumi na mbili. Trei ya mayai ni bei ya bure na inashinda boksi zote za plastiki nimewahi kununua.

Chungulia njia za maji kwa hedi. Kama mwenye gari wa zamani alikuwa anajaza maji ya mfereji badala ya kulanti, na hapa kwetu nani hakufanya hivyo, aluminiamu itakuwa imeliwa kama mahindi yaliyoingia fukusi. Ikiwa imeliwa kidogo tu kando ya shimo inachomelewa halafu inaskimiwa, yaani uso wake unasawazishwa kwa mashine, lakini ikifika pale ringi ya gaskiti inakaa, tafuta fundi wa kuchomea aluminiamu wa ukweli, sio yule wa mageti.

Sasa bloku inaenda kuboliwa, yaani silinda kupanuliwa kwa mashine, na hapa nilichomeka mimi mwenyewe. Nilipeleka kwa mashine fulani Industrial Area, pistoni zilizozidi kipimo kwa 0.50 mm zikiwa bado kwa njia zinakuja, nikamwambia mzee ngoja nikuletee. Akanijibu, "Kijana, hamsini ni hamsini, mimi nimebola tangu hujazaliwa." Nikaona aibu kubishana na mzee. Akabola 83.50 mm safi kabisa, hakuna makosa kwa mkono wake. Pistoni zilipofika, zimeandikwa 0.50 kweli, nikaweka maikromita, nikapata nafasi ya 0.10 mm wakati ilifaa iwe kama 0.04. Kwa macho huoni kitu, lakini injini ikiwa baridi ilikuwa inalia kama kokoto ndani ya mkebe wa Blue Band. Nikaenda 84.00 na pistoni zingine, ushuru nikalipa mara mbili. Kwa hivyo pistoni mkononi kwanza, zipimwe moja moja, ndio mashine iguse bloku. Mzee akikasirika mnunulie chai.

Krankshafti, ile shafti kubwa inayozungushwa na pistoni, inakaa kwa beringi saba, ile ya katikati ndio inazuia isiende mbele na nyuma. Osha njia za oili za krankshafti mpaka uone mwanga upande wa pili, ikitoka kusagwa huwa na unga wa jiwe ndani na huo unga utakula beringi mpya kabla hujafika Thika. Beringi za meni, ndio hizo saba, zinakazwa 4.5 hadi 5.5 kgm na toki renchi, ufunguo unaopima nguvu, sio kwa kuhisi. Bolti za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krankshafti, zina kipimo chao, usizikaze kama meni, soma kitabu cha mwaka wa gari yako. Kila ukikaza kepi moja, kifuniko cha beringi, zungusha krankshafti na mkono, ikigoma baada ya kepi ya tatu basi shida iko kwa ya tatu, huna haja ya kufungua zote.

Kuna kitu kimoja kwa taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha, kimechosha watu. Shafti ya pampu ya oili ndio pia inazungusha distribyuta, inayogawia plagi umeme, na ukiweka pistoni ya kwanza juu kabisa, ule mkato wake ukiuangalia kutoka juu unatakiwa ukae kama mikono ya saa ikisoma 11:25. Hiyo ni saa ya kizungu, yaani saa tano na dakika ishirini na tano, niliwahi kuona jamaa ameuweka saa kumi na moja yetu na akashinda siku mbili akilaumu kabureta. Mpangilio wa plagi kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Tapeti, yaani nafasi ya valvu, injini ikiwa baridi ni 0.20 mm za kuingiza, 0.25 mm za kutoa.

Siku ya kuwasha toa plagi zote, piga stata mpaka geji ya oili ipande, ndio urudishe. Oili iwe ile yenye zinki ya magari ya zamani, hasa ukiweka kem mpya. Ikishika usiiache ikinguruma polepole, iweke kama 2000 rpm (mizunguko kwa dakika) muda wa dakika ishirini huku mtu mwingine akichungulia uvujaji na geji ya joto. Kisha toka nayo barabarani, panda kilima, achilia, panda tena, ringi hukaa kwa kazi. Kilomita 500 za kwanza mwaga oili, rudia tapeti.

Kabureta zake mbili utazikuta zinakunywa mafuta sana huku juu, punguza kwa ile nati ya chini mpaka plagi ziwe rangi ya kahawia. Lakini ukipanga kwenda nayo Mombasa weka alama ya mahali nati ilikuwa, maana ukishapita Mtito Andei hewa inaanza kuwa nzito na kile kipimo cha Nairobi kitakuwa kinainyima mafuta. Mimi husimama Voi nikafungua robo mzunguko kila upande, halafu nikanywa soda nikingoja ipoe.