Namna ya Kuwapangia Abiria Nafasi katika Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay

Reli inayokusudiwa kujengwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi ya Mchuchuma na Liganga, inazungumzwa zaidi kwa sababu ya makaa ya mawe na chuma. Diwani au ofisa mipango anayetaka ibebe pia watu hana budi kuwasilisha hoja yake kabla michoro haijakamilika.

Aanze na sensa. Mwaka 2022 Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120, kutoka 44,928,923 mwaka 2012, yaani ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo idadi huongezeka maradufu katika miaka ipatayo 22, ilhali tuta na madaraja ya reli hudumu zaidi ya hapo. Urefu wa majukwaa na njia za kupishania treni upimwe kwa mahitaji ya kizazi kijacho, ingawa mabehewa yanaweza kununuliwa machache kwanza.

Hata hivyo, idadi ya watu si idadi ya abiria. Wahesabiwe wanaopanda mabasi kati ya Mtwara, Mingoyo, Ndanda, Masasi na Tunduru, kisha waulizwe wanakokwenda na nauli wanayoimudu. Hesabu hiyo irudiwe wakati wa minada ya korosho na wakati wa masika, kwa sababu mkulima aliyelipwa mwezi Novemba husafiri tofauti na anavyosafiri mwezi Machi. Wasafiri wa Dar es Salaam wasijumlishwe kana kwamba wote watahamia kwenye treni: njia hii inaelekea magharibi, Ziwa Nyasa. Kwa sababu hiyohiyo, mafanikio ya treni ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, yasinakiliwe kama makadirio ya kusini.

Kusini tumewahi kuwa na reli. Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Mradi ulipoanguka, reli ikakosa shehena ya kutosha na ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndiyo maana napinga kwa dhati mpango unaotegemea mzigo mmoja. Treni ya abiria yenye ratiba ya kuaminika, hata ikiwa moja kwa siku, hujenga watu wanaoitegemea na kuitetea wakati bei ya madini inaposhuka.

Stesheni zinataka uamuzi wa mapema kuliko yote. Stesheni ikiwekwa mbali na mji, nauli ya bajaji inaweza kumrudisha abiria kwenye basi. Halmashauri zitenge ardhi sasa, kabla viwanja havijapimwa na fidia haijapanda, na ziache nafasi ya stendi ya mabasi mlangoni.

Mwisho, bajeti ya uendeshaji itenganishwe na ya ujenzi. Ikiwa nauli ya Masasi haitalipia mafuta au umeme, wafanyakazi na matengenezo, ruzuku itajwe waziwazi pamoja na atakayeilipa, kabla mkataba haujasainiwa.