Kujifunza Kutunga Hadithi kwa Kuandika Kila Juma

Ukitaka kujifunza kutunga hadithi, anza na kisa kifupi cha maneno 300 hivi, ukiandike kila juma kwa siku ile ile, kisha umpe msomaji atakayekuambia wazi ni wapi alipochoka. Urefu huo unatosha mhusika mmoja, mahali pamoja na jambo moja linalobadilika.

Kazi kubwa, kwa maoni yangu, imo katika kuonyesha badala ya kutangaza. Ukiandika kwamba Bi Mwanaidi alihuzunika, msomaji ameambiwa, lakini hajaona kitu. Andika kwamba alipakua wali sahani mbili kama kawaida yake, akaitazama ya pili, kisha akaurudisha wali sufuriani kijiko kwa kijiko. Hapo msomaji atatambua mwenyewe kwamba kuna mtu hayupo, na ataendelea kusoma ili amjue ni nani. Pitia aya zako, ufute kila neno linalotaja hisia, na mahali pake uweke tendo au kitu kinachoshikika.

Mazungumzo yasome kwa sauti, kwa kuwa mzee wa Pemba hasemi kama kondakta wa daladala wa Dar es Salaam.

Msimulizi wa pwani anayeita "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!" humshirikisha msikilizaji kabla kisa hakijaanza. Katika maandishi, kazi hiyo ni ya sentensi ya kwanza. Iandike upya baada ya kumaliza kisa chote, ukiondoa nasaba ya mhusika na maelezo mengine ambayo msomaji bado hayahitaji.