Kabla kisima hakijashuka: maamuzi ya maji ya nyumbani na shambani

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini ukame hauna dalili iliyo wazi hivyo. Huja siku moja moja, kila siku ikifanana na ya jana, mpaka asubuhi fulani kamba ya kisimani haifiki maji na inabidi iungwe nyingine. Kwa sababu hiyo, hasara nyingi za ukame hutokana na uamuzi uliochelewa: ng'ombe anauzwa akiwa amebaki mifupa, bustani inamwagiliwa mpaka tangini kunabaki matope, mbegu zote zinatupwa ardhini kwa manyunyu ya siku moja. Mambo haya yanaweza kuamuliwa mapema, maji yakiwa bado yapo na watu wa nyumba moja wakiwa bado wanasikilizana.

Anza na hesabu

Hesabu hii ni ya dakika kumi, na ajabu ni kwamba nyumba nyingi hazijawahi kuifanya. Tuseme mna watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku. Hizo ni lita 120. Lita 20 si anasa, kwani hata katika kambi za dharura lita 15 kwa mtu kwa siku huhesabiwa kuwa kiwango cha chini cha kunywa, kupikia na usafi. Ng'ombe mkubwa asiyekamuliwa hunywa lita 40 hadi 50 siku za joto, na anayekamuliwa huzidi hapo. Mbuzi au kondoo hunywa lita 4 hadi 8. Kuku 100 humaliza lita 20 hadi 30, na joto likizidi wanataka zaidi. Kwa hiyo watu sita, ng'ombe wawili na mbuzi kumi wanahitaji karibu lita 270 kila siku. Tangi la lita 10,000 lililojaa hadi juu litawatosha siku 37 tu.

Sasa ingiza mimea. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mboga zilizofunika ardhi kwenye jua kali hutumia kama milimita 5 kwa siku, kwa hiyo kitalu cha mita 20 za mraba kinataka lita 100. Robo ekari, ambayo ni kama mita 1,000 za mraba, inataka lita 5,000. Tangi lile lile lililokuwa litunze familia kwa zaidi ya mwezi litaishia hapo kwa siku mbili.

Naomba hesabu hiyo ikae akilini, maana mengine yote yanatoka humo. Maji ya tangi yanaweza kuwaokoa watu, mifugo michache na kitalu kidogo cha mboga. Shamba hayaliwezi. Anayemwaga maji ya tangi kwenye shamba zima kwa huruma atapoteza shamba na maji pia.

Ili hesabu iwe na maana, lazima ujue ulicho nacho. Tia alama kwenye fimbo ndefu na uipime kila wiki tangini. Kisima kipime kwa kamba yenye jiwe na mafundo, siku ile ile ya wiki, asubuhi kabla mtu hajachota, kisha uandike. Kisima kilichoshuka kiganja kimoja kwa wiki nne mfululizo kimekwisha kusema.

Andika ngazi, tena ubandike ukutani

Baada ya hesabu, kaeni pamoja mkubaliane nani anakosa maji kwanza. Swali hili ni gumu, na ndiyo maana halifai kuachwa hadi siku ya kiu. Tangi likifika nusu, tunaacha kumwagilia nini? Likifika robo, mnyama yupi anauzwa? Likibaki la wiki mbili, maji ya ziada yatatoka wapi, na nani atakwenda kuyachota? Swali la mwisho lisipite bure: dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na mara nyingi shingo inayolibeba ni ya mama au mtoto ambaye hakuulizwa wakati maji yakimwagwa.

Jiji la Cape Town lilipobanwa na ukame, wakazi waliwekewa viwango vilivyopanda hatua kwa hatua, hadi kufikia tarehe 1 Februari 2018 kila mtu alitakiwa asizidishe lita 50 kwa siku. Mabomba hayakufungwa. Nyumba nayo inaweza kuwa na viwango vyake kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo hupunguza ugomvi kuliko mahubiri.

Kwa maoni yangu mpangilio uwe hivi: watu kwanza, kisha wanyama wa kuzalisha, kisha miti michanga ya matunda, kisha mboga, na mazao ya msimu mwisho kabisa. Miti naitanguliza kwa sababu zao la msimu likikauka umepoteza msimu mmoja, lakini mti wa miaka minne ukikauka umepoteza miaka minne.

Ndani ya nyumba

Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza karibu lita 30 kwa siku, zaidi ya mgao wa mtu mmoja katika hesabu yetu. Kama una mita ya maji, isome usiku mkiwa mmefunga kila kitu, uisome tena alfajiri. Namba ikisogea, kuna mahali panavuja. Choo cha kuvuta maji ndicho mlaji mkubwa wa kimyakimya, kwa hiyo kipewe maji ya kufulia badala ya maji safi.

Maji yaliyokwisha kutumika yana kazi ya pili. Ya kuoshea mboga na kusuuzia vyombo yaende kwenye miti na vitalu. Ya kufulia yaende chooni au kwenye shina la mti mkubwa, lakini si yale yenye dawa ya kung'arisha nguo, wala yaliyofulia nepi. Yamwage ardhini chini ya matandazo, usiyamwagie majani yanayoliwa mabichi, na usiyalaze zaidi ya siku moja kwani huoza na kunuka. Mara moja moja mti upate maji safi ili chumvi za sabuni zisijilimbikize kwenye udongo.

Maji huharibika kabla ya kuisha

Hapa ningependa utulie kidogo. Kisima kikishuka, uchafu uliokuwa umechanganyika na maji mengi sasa uko kwenye maji machache. Watu na wanyama wanasongamana penye chanzo kimoja. Mikono hainawi kama zamani. Ndiyo maana magonjwa ya kuhara hufuatana na ukame kama kivuli.

Tenga chombo cha maji ya kunywa, chenye mdomo mwembamba au koki, mtu asitumbukize kikombe. Maji yachemshwe mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja, au dakika tatu kama mnaishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kama kuni ni shida, tumia dawa ya klorini ya kutibu maji kwa kufuata maelezo yake. Ikikosekana, dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, hutiwa matone 2 kwa kila lita ya maji maangavu, kisha husubiriwa dakika 30. Maji yenye matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, halafu matone yawe 4. Njia ya tatu ni jua lenyewe: chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita 2, maji yasiyo na tope, ilazwe juani kwa muda wa saa sita, au siku mbili kama kuna mawingu.

Kuna jambo moja ambalo kuchemsha hakuliponyi. Visima vilivyo karibu na mazizi, vyoo au mashamba yenye mbolea nyingi vinaweza kuwa na naitreti, kemikali itokayo kwenye kinyesi na mbolea, na ukichemsha maji hayo naitreti inazidi ukali kwa kuwa maji yanapungua. Ni hatari hasa kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayetengenezewa maziwa ya unga, kwani damu yake hushindwa kubeba oksijeni. Kisima cha namna hiyo kipimwe kabla ya ukame, na mtoto atafutiwe maji ya chanzo kingine.

Kila chombo kifunikwe. Mbu wa dengi hutaga kwenye kuta za mapipa na madumu, na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo pipa likiisha maji lisuguliwe kuta. Kulisuuza tu hakutoshi.

Tangi kubwa kuliko yote ni udongo

Udongo wa tifutifu unaweza kuwatunzia mimea lita 100 hadi 175 katika kila mita ya mraba yenye kina cha mita moja. Ile robo ekari ya hesabu yetu, kama mizizi inafika kina hicho, ina ghala la lita 100,000 na zaidi. Hakuna familia itakayonunua tangi la ukubwa huo. Kwa hiyo kazi ya maandalizi ya shamba ni mbili tu: mvua iliyopo iingie ndani ya ardhi, na iliyoingia isitoke bure.

Ili iingie, lima kwa kufuata kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko, na uweke matuta yanayokingama na mteremko. Mahali ambapo ardhi imekuwa ngumu kama sakafu, chimba mashimo wakati wa kiangazi. Yacouba Sawadogo, mkulima wa Burkina Faso aliyefariki mwaka 2023, alirudisha uhai kwenye ardhi iliyokwisha kuachwa kwa kuboresha mashimo ya zai ya wazee wake: upana wa sentimita 20 hadi 40, kina cha sentimita 10 hadi 20, na samadi ndani ya kila shimo. Samadi huwaita mchwa, mchwa hutoboa ardhi, na maji hupata njia.

Ili yasitoke, funika. Matandazo ya majani makavu yenye unene wa sentimita 5 hadi 10, yakiachana kidogo na shina, huzuia jua lisinyonye unyevu. Magugu yang'olewe mapema, kwani kila gugu ni bomba linalovuta maji kutoka kwenye ghala lako. Epuka kugeuza udongo mara kwa mara. Mbolea ya kukuzia iache kama mvua imekatika. Itautia mmea majani mengi usioweza kuyanywesha.

Kama una maji kidogo ya kumwagilia, usiyagawe sawasawa. Mahindi huumia zaidi yanapotoa mbelewele na ndevu, kuanzia wiki mbili kabla hadi wiki mbili baada. Maharagwe huumia wakati wa maua na maganda machanga. Maji yaliyotolewa wakati huo yana thamani kuliko mara tatu zake wakati mwingine. Nyanya zinataka maji ya kiasi kile kile kila mara. Zikikaa kavu kisha zikafurikishwa, huoza kitako. Mwagilia alfajiri au jioni, penye shina, na uache maji yashuke. Mifereji ya kawaida hufikisha kwenye mizizi kama asilimia 60 ya maji yake, mirija ya matone kama asilimia 90. Asiye na mirija azike chungu cha udongo kisichong'arishwa hadi shingoni, akijaze na kukifunika. Maji hujipenyeza nje taratibu kadiri udongo unavyokauka. Wachina wametumia njia hii kwa zaidi ya miaka 2,000.

Halafu chagua kipande utakachokiacha. Punguza miche, punguza eneo, na kama unapanda upya chagua mtama, uwele, kunde au mihogo badala ya kurudia zao lile lile lenye kiu.

Mifugo isisubiri

Uza mapema, mnyama akiwa na nyama na wanunuzi wakiwepo. Anza na madume ya ziada, wazee na majike yasiyozaa, ubaki na wachache unaoweza kuwanywesha hadi mwisho. Nafahamu kwamba kundi ni heshima na ni akiba ya mtu. Lakini akiba inayopungua kilo kila siku inakwisha ikiwa bado imesimama.

Angalia pia wanachokula. Mtama mchanga, au ulionyauka na kuchipua tena, unaweza kuwa na sumu ya sianidi inayoua ng'ombe kwa muda mfupi sana. Mabua ya mahindi yaliyodumaa kwa ukame huhifadhi naitreti sehemu ya chini ya shina, kwa hiyo yakatwe juu zaidi. Kukausha hupunguza sianidi, lakini naitreti hubaki. Na bwawa lililopungua likiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, lizungushie uzio. Mwani wa aina hiyo unaweza kuua mifugo na mbwa wako.

Mvua ikirudi

Mambo haya yaandaliwe kiangazi bado kikiwa kikali: mifereji ya paa iliyozibuliwa, tangi lililosuguliwa, na bomba la kumwaga nje maji ya mwanzo yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Paa la mita 50 za mraba hupokea lita 500 kwa mvua ya milimita 10, na hata ukipoteza moja ya tano unabaki na lita 400, karibu siku moja na nusu ya familia yetu ya mfano. Mbegu usizimalize kwa mvua ya kwanza. Chimba sentimita 20 uone kama unyevu umefika, finyanga udongo kiganjani uone kama unashikana, panda sehemu, na zilizobaki zirudi ghalani mpaka mvua ya pili.