Kuajiri na Kufundisha Maseremala kwa Njia ya Uanagenzi: Mwongozo kwa Mwenye Karakana

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwenye karakana ya samani mjini Mbeya, ambaye kila fundi aliyemwajiri alikuja na mazoea ya alikotoka na kuondoka mara tu alipopata kazi yenye malipo zaidi. Aliamua kuwalea mafundi wake mwenyewe kwa uanagenzi, yaani kijana kujifunza ufundi kazini chini ya fundi, na utaratibu tuliouandaa unafaa karakana yoyote ndogo hapa Tanzania.

Hatua ya kwanza: orodhesha stadi
Andika kila jambo ambalo seremala wako lazima aliweze, kuanzia kusoma mchoro na kuranda kwa mkono hadi kuunga kwa tundu na ulimi na kupaka vanishi. Ukurasa mmoja unatosha.

Hatua ya pili: watafute vijana
Anzia chuo cha VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi) kilicho karibu nawe. Mamlaka hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huendesha pia mafunzo ya uanagenzi pacha, ambapo mwanafunzi hugawa muda wake kati ya chuo na mahali pa kazi. Ikiwa una wafanyakazi 10 au zaidi, tayari unalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na sehemu yake huenda VETA. Usaili wa maneno siuamini hata kidogo: mpe kijana siku chache za majaribio zenye posho, kisha uangalie kama anarudia kupima kabla ya kukata.

Hatua ya tatu: mkataba
Uwe wa maandishi, utaje muda wa mafunzo, posho na saa za kazi, ambazo kisheria hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki bila kuhesabu muda wa ziada. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi za hatari, kwa hiyo usimweke kwenye msumeno wa umeme. Kamilisha pia taratibu za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kabla mwanagenzi hajagusa mashine.

Hatua ya nne: mlipe fundi anayefundisha
Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote kwa pamoja. Katika karakana nyingi fundi hulipwa kwa kazi aliyoimaliza, kitanda au kabati, na kila saa anayoitumia kumwelekeza mwanagenzi ni saa inayopunguza kipato chake. Fundi wa namna hiyo si mchoyo wa ujuzi. Ana familia ya kulisha, na ndiyo maana humwachia kijana kupiga msasa na kufagia mwaka mzima. Kumsihi hakusaidii.

Tulijaribu kwanza posho ya kila mwezi kwa fundi mwalimu, tukaona inapokewa vizuri lakini mafundisho hayasogei, kwa sababu posho ilikuja kijana awe amejifunza au la. Kilichofaa ni kuifunga posho kwenye orodha ya hatua ya kwanza: kila stadi ina malipo yake, na fundi hulipwa mwanagenzi anapoifanya peke yake mbele ya fundi mwingine, si mbele ya aliyemfundisha. Stadi ngumu ziwe na malipo makubwa zaidi, la sivyo zitaahirishwa daima. Usimpe fundi mmoja wanagenzi zaidi ya wawili, na mbao za mazoezi, hata vipande vya msonobari, zitoke kwako. Zikitoka kwenye kazi ya fundi, hataruhusu kosa lolote, na bila kukosea kijana hajifunzi. Weka kumbukumbu kwenye kaunta buku linaloning'inia ukutani. Programu za simu sizipendekezi kwa jambo hili, kwani daftari la wazi humwezesha mwanagenzi mwenyewe kuona alichobakiza na kukidai.

Hatua ya tano: ajira
Mtahini mwanagenzi kwa kumpa kazi moja kamili, kuanzia kuchagua mbao hadi kuikabidhi kwa mteja. Aliyejifunzia kwako bila kupita chuoni anaweza kutathminiwa na VETA kupitia urasimishaji wa ujuzi na kupata cheti. Barua ya ajira mpe mwezi mmoja kabla ya mkataba wa mafunzo kuisha, ikitaja mshahara, kwa kuwa karakana za jirani zitakuwa zimekwisha kumwona akifanya kazi.