Kupima Uharibifu wa Protini katika Mitokondria za Moyo Uliozeeka: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Moyo wa mtu mzima hutengeneza na kutumia takriban kilo 6 za ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kwa siku, na sehemu kubwa mno ya kiasi hicho hutoka katika mitokondria, ambazo hujaza karibu theluthi moja ya kila seli ya misuli ya moyo. Kazi hiyo hufanywa na protini. Ni 13 tu kati yake ambazo maelezo yake yamo katika DNA ya mitokondria yenyewe. Nyingine, zaidi ya 1,000, hutoka katika DNA ya kiini cha seli, huundwa nje, kisha huingizwa ndani. Umri unaposogea, asidi amino za protini hizo hubadilika kikemia, na badiliko la atomu chache linaweza kupunguza kasi ya mnyororo mzima wa upumuaji, yaani msururu wa protini zinazopitishiana elektroni hadi kwenye oksijeni.

Mwongozo huu unaeleza namna ninavyoyapima mabadiliko hayo katika moyo wa panya buku na kuyahusisha na upumuaji wa mitokondria. Nimewaandikia wanafunzi wa uzamili na mafundi sanifu wa maabara waliozoea pipeti na sentrifuji. Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi, hata katika kazi nzuri, ni kupima uoksidishaji uliotokea mezani na kuuhesabu kuwa ni wa uzee.

Hatua ya 1: Panga wanyama na zamu zao

Baada ya kupata kibali cha kamati ya maadili, tumia panya buku wa ukoo mmoja, kwa mfano Fischer 344, wa miezi 6 na wa miezi 24. Waandae kwa kupokezana: kijana, mzee, kijana, mzee. Katika mwaka wangu wa kwanza maabara niliwaandaa vijana wote asubuhi na wazee wote alasiri, nikapata tofauti kubwa ya kuvutia. Niliporudia kazi kwa zamu za kupokezana, sehemu kubwa ya tofauti ile ilitoweka, kwa kuwa mioyo ya alasiri ilikuwa imekaa kwenye bafa muda mrefu zaidi.

Hatua ya 2: Amua unatafuta kemia ipi

Neno “uoksidishaji” hubeba mambo mengi yasiyofanana, na usipoyatenganisha tangu mwanzo hutaweza kuyafasiri matokeo.

La kwanza ni sisteini, asidi amino yenye salfa. Kundi lake la thioli, yaani salfa iliyoshika haidrojeni, huachia protoni karibu na pH 8.3, na kwa kuwa pH ya ndani ya mitokondria hukaribia 8, sehemu nzuri ya thioli hizo huwa na chaji hasi na huwa tayari kushambuliwa na haidrojeni peroksidi. Hatua za mwanzo za shambulio hilo, yaani kuungana kwa salfa mbili au kushikwa kwa salfa na glutathioni, molekuli ndogo ya kinga ya seli, zinaweza kurudishwa, na seli huzirudisha kila wakati. Uoksidishaji ukiendelea hadi salfa ibebe oksijeni tatu, hakuna njia ya kurudi. Methionini nayo huoksidika, lakini ina vimeng'enya vyake vya kuirekebisha.

La pili ni kabonili, yaani makundi ya kaboni na oksijeni zilizoungana kwa kifungo maradufu, zinazojitokeza hasa kwenye lisini, arjinini, prolini na threonini. Seli haina kimeng'enya cha kuzirekebisha. Protini iliyoharibika hivyo haina budi kuvunjwa, na ndani ya mitokondria kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na proteasi iitwayo Lon. Kwa sababu hiyo, kabonili zikiongezeka huenda uharibifu umeongezeka, au huenda usafishaji umelegea.

La tatu ni asetili kwenye lisini. Kundi la asetili likikaa hapo, lisini hupoteza chaji yake chanya, na umbo la protini au mshikano wake na nyingine hubadilika. Kimeng'enya kiitwacho SIRT3 huiondoa asetili hiyo kwa kutumia NAD+, molekuli msaidizi ya seli. Panya wasio na SIRT3 hubaki na asetili kwenye lisini ya 166 ya siklofilini D, protini inayosaidia kufungua tundu kubwa la utando wa ndani; tundu hilo kubwa la utando wa ndani wa mitokondria zao hufunguka kwa urahisi zaidi, na mioyo yao hunenepa kadiri wanavyozeeka. Hapa sitaeleza upimaji wa asetili, kwa kuwa unahitaji kingamwili au spektromita ya masi, lakini mtafiti asiusahau anapotafuta sababu.

Hatua ya 3: Gawa moyo mara tu unapoutoa

Uoshe katika bafa ya baridi mpaka damu iishe, maana himoglobini itavuruga vipimo vya rangi baadaye. Kisha ugawe.

Kipande cha thioli kigandishwe papo hapo katika naitrojeni ya kimiminika. Wakati wa kukisaga, kisagie ndani ya kiowevu chenye N-ethilimaleimidi, ambayo hujifunga kwenye kila thioli iliyo huru na kuizuia isioksidishwe na hewa. Kipande cha upumuaji kisiguswe kamwe na kemikali hiyo. Inazuia protini inayopitisha fosfeti kwenye utando wa mitokondria, na bila fosfeti hakuna ATP. Utaona mitokondria zilizokufa na kudhani umri ndio uliozifisha.

Hatua ya 4: Tenganisha makundi mawili ya mitokondria

Wengi huiruka hatua hii, nami naiona kuwa kiini cha kazi yote. Mwaka 1977 watafiti Palmer, Tandler na Hoppel walieleza kwamba seli ya moyo ina makundi mawili ya mitokondria: yaliyo chini tu ya utando wa seli, na yaliyobanwa katikati ya nyuzi za misuli. Baadaye Hoppel, Lesnefsky na wenzao wa Cleveland, Marekani, walionyesha kwamba katika panya buku wa Fischer wa miezi 24 ni kundi la katikati ya nyuzi linalopoteza uwezo wa kutumia oksijeni, huku la chini ya utando likibaki karibu kama la kijana. Ukiyachanganya, kundi lenye afya litaficha kundi gonjwa.

Katakata kipande kwa mkasi juu ya barafu, kisage kwa muda mfupi kwa kisagio cha umeme katika bafa ya potasiamu kloridi milimola 100, MOPS milimola 50, magnesiamu salfeti milimola 5, EGTA milimola 1 na ATP milimola 1, pH 7.4, kisha zungusha kwa 500 g (mara 500 ya nguvu ya mvutano wa dunia) dakika 10. Kimiminika cha juu, kikizungushwa tena kwa 3,000 g, huacha mashapo ya mitokondria za chini ya utando. Mashapo ya mzunguko wa kwanza ndiyo yenye nyuzi: yape tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, miligramu 5 kwa kila gramu ya tishu, dakika 10 katika nyuzi joto 4, kisha ongeza haraka bafa yenye albumini isiyo na asidi za mafuta ili tripsini iache kula mitokondria zenyewe. Zungusha kwa 500 g, kisha kimiminika chake kwa 3,000 g. Usizidishe dakika za tripsini hata kwa moja. Umeme ukikatika katikati ya hatua hii, tupa sampuli hiyo na uanze na moyo mwingine.

Hatua ya 5: Pima upumuaji kabla ya kemia

Tumia elektrodi ya Clark, inayopima oksijeni, katika nyuzi joto 30. Weka glutameti na maleti ili elektroni ziingie kupitia changamano la kwanza la mnyororo wa upumuaji. Katika chumba kingine weka saksineti pamoja na rotenoni, inayozuia changamano la kwanza, ili ziingie kupitia la pili. Ongeza ADP, ambayo hugeuzwa kuwa ATP, andika kasi ya oksijeni kutumika, subiri ADP iishe, andika tena. Uwiano wa kasi hizo mbili, kwa mpangilio wa hali uliowekwa na Chance na Williams mwaka 1955, ndio utakaokuambia kama mitokondria zako ni nzima. Kundi la vijana likitoa uwiano duni, kosa liko kwenye utenganishaji, na usiendelee mbele. Mwishoni ongeza oligomisini, inayozuia utengenezaji wa ATP. Oksijeni inayoendelea kutumika inaonyesha hasa protoni zinazovuja kwenye utando.

Hatua ya 6: Uliza kama kilichopotea kinaweza kurudi

Vunja mitokondria kwa kuzigandisha na kuziyeyusha, kisha pima kasi ya NADH, inayolipa changamano la kwanza elektroni, kutoweka kwenye nanomita 340, na uondoe sehemu isiyozuiwa na rotenoni. Rudia kwa sampuli iliyokaa kwanza na dithiothreitoli, kemikali inayotengua salfa zilizoungana. Kasi ikipanda, sehemu ya upungufu ilikuwa ya thioli na inaweza kurudishwa. Usipime kwa sitokromu c, protini inayobeba elektroni, hapa, kwa sababu dithiothreitoli huipa elektroni moja kwa moja na kukupa jibu la uongo.

Hatua ya 7: Pima kabonili

Changanya protini na dinitrofenilihidrazini milimola 10 katika asidi hidrokloriki mola 2, gizani, kwa saa moja. Weka sampuli pacha katika asidi peke yake: himu, sehemu ya sitokromu yenye chuma na rangi, hufyonza mwanga karibu na eneo lilelile, na bila pacha huyo utaihesabu kama kabonili. Tuamisha kwa asidi ya trikloroasetiki, osha mara tatu kwa mchanganyiko sawa wa ethanoli na ethili asiteti, yeyusha katika guanidini mola 6, soma kwenye nanomita 370 na ukokotoe kwa kigezo cha 22,000 kwa mola kwa sentimita.

Hatua ya 8: Soma vipimo kwa pamoja

Upungufu unaorudi kwa dithiothreitoli unaelekeza kwenye thioli. Upungufu usiorudi, ukiambatana na kabonili nyingi, unaelekeza kwenye protini zilizopaswa kuvunjwa. Hapo pima Lon. Lakini kuna hali ya tatu: kabonili ni za kawaida, dithiothreitoli haisaidii, na protoni zinavuja. Hapo angalia mafuta yanayozishika protini, hasa kadiolipini, ambayo katika moyo hubeba mikia minne ya asidi ya linoleiki na huoksidika kwa urahisi. Mwaka 2020 watafiti wa Seattle walieleza kwamba panya wa miezi 24 waliopewa elamipretidi, peptidi inayoshikamana na kadiolipini, kwa wiki 8 walipata nafuu ya kulegea kwa moyo baada ya kila pigo, na kwamba katika seli za moyo wa wazee uvujaji wa protoni, unaopitia kibebaji cha ADP na ATP, ulipungua. Protini zile zile za zamani zilifanya kazi vizuri zaidi baada ya utando wao kutengemaa. Kwa hiyo, katika hali hii ya tatu, rudia Hatua ya 5 kwa mitokondria za katikati ya nyuzi, ukiongeza kaboksiatraktilosidi, inayokizuia kibebaji hicho, na ulinganishe uvujaji kabla na baada yake.